Kikapu Hakijafika Mwisho wa Reli

Kila uchaguzi wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania, TBF, unapokaribia, redio hutuletea habari ileile: safari hii kikapu kinajengwa upya. Sisi wa Katubuka, Kigoma, tuna swali moja, nalo tumeliuliza vijiweni, sokoni Mwanga na hata barazani baada ya swala ya alasiri. Kinajengwa wapi? Kama ni Upanga na Kurasini, huko kipo tayari. Huku kwetu hakuna cha kukarabati, maana hata msingi haujawekwa.

Dar es Salaam hatuionei wivu. Ligi yao ya mkoa, BDL, tunaifuatilia kwenye simu, na majina ya Savio, Pazi, Vijana, JKT na UDSM Outsiders yako midomoni mwa watoto wetu. Walioihangaikia ligi ile wamefanya kazi ya kuheshimiwa, wengine kwa fedha zao wenyewe. Lakini ligi ya jiji moja, hata inoge namna gani, haiwezi kubeba jina la nchi nzima. Shirikisho linaitwa la Tanzania, na Tanzania inafika mpaka ziwani.

Tukipata bahati ya kukutana na wakubwa wa mchezo huu, hutuambia Kigoma ni mbali. Ni kweli, Reli ya Kati kutoka Dar mpaka hapa ina zaidi ya kilomita 1,200, na anayesafiri daraja la tatu anazijua kwa mgongo wake. Lakini tarehe 25 Julai 2021 umbali huo haukumzuia mtu. Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam hapahapa, Uwanja wa Lake Tanganyika, Taddeo Lwanga akafunga bao pekee, na mji ukafurika. Miaka miwili baadaye Mashujaa wakapanda Ligi Kuu, na tangu hapo vigogo wote wa soka wanalazimika kuja mwisho wa reli kutafuta pointi. Kwa hiyo neno la umbali tumelisikia vya kutosha. Tafuteni lingine.

Tena soka haikufika hapa kwa kuonewa huruma. Ilifika kwa sababu timu ya mtaa ina ligi ya wilaya mbele yake, baada ya wilaya kuna mkoa, baada ya mkoa kuna mabingwa wa mikoa, na mshindi anajua mechi yake inayofuata ni lini na wapi. Kikapu kinakosa hicho hasa. Kijana wa Katubuka akiwafunga wa Gungu au wa Bangwe, ushindi wake unaishia palepale uwanjani. Jumatatu anarudi kwenye bodaboda, na hakuna anayemwambia kuna hatua ya pili.

Kinachotuuma zaidi ni majirani. Ukisimama Kibirizi, pale maboti ya Burundi na Kongo yanapopakia mizigo, siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji, na Bujumbura haifiki kilomita 200. Ndugu zetu wako kote huko. AfroBasket ya mwaka 2021, mashindano ya kikapu ya mataifa ya Afrika, ilipochezwa Kigali, Rwanda walikuwapo wakiwa wenyeji, Kongo walikuwapo, Uganda walikuwapo, Kenya walikuwapo. Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, ilikuwapo. Tanzania haikuwapo. Tulikaa mbele ya runinga tukiwashangilia wa wenzetu, na Wakongo tunaouziana nao mawese wakatuuliza: ninyi wakubwa wote hawa, timu yenu iko wapi? Tulikosa la kujibu.

Na wala tusidanganyane kwamba majirani hao wana fedha zisizohesabika. Kenya ilikuwa haijafika AfroBasket tangu mwaka 1993. Februari 2021, mjini Yaoundé, wakaifunga Angola 74 kwa 73, Angola yenye vikombe 11 vya Afrika wakati ule, kwa kikapu cha Tyler Ongwae mechi ikiwa inamalizika. Uganda walifika huko kwa mara ya kwanza mwaka 2015, na Kigali wakamaliza nafasi ya sita. Hao ni watu tunaocheza nao Kanda ya Tano ya Afrika, tunaowajua, wenye barabara mbovu na bajeti nyembamba sawa na sisi.

Mfano wa Sudan Kusini ndio unaochemsha kijiwe chetu kuliko yote. Sisi tumo FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tangu mwaka 1968. Wao wamejiunga mwaka 2013. Mwaka 2019 wakamchagua Luol Deng, aliyecheza NBA miaka mingi na Chicago Bulls, kuwa rais wa shirikisho lao. Mwaka 2023 walikuwa Kombe la Dunia. Julai 2024 walicheza na Marekani mjini London wakafungwa kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, na siku chache baadaye, kwenye Olimpiki, wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Yote hayo bila ukumbi wa ndani wa maana kwao Juba.

Fundi wetu wa kuchomelea husema kwa hasira: "Basi na sisi tumpe urais Hasheem wetu wa NBA. Wao si walimpa Deng?" Mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, humjibu taratibu: "Mwanangu, Deng alilipia makambi na tiketi kwa fedha zake. Siku akichoka, nani atalipa?"

Wengi wetu tunaona mzee ana hoja, na kuna jambo jingine ambalo kijiwe hulisahau. Watu wa Sudan Kusini walitawanywa na vita, na watoto wao wakakulia Australia, Marekani na Uingereza, kwenye shule zenye viwanja na makocha. Deng alikwenda kuwakusanya. Sisi hatuna hazina ya namna hiyo ughaibuni. Wachezaji wetu wako Katubuka, Kasulu, Bukoba, Mtwara, na hawatakusanywa na mtu yeyote kama hawajalelewa kwanza. Cha kuiga kwa Deng ni utaratibu: aliweka kocha akamwacha afanye kazi, akaweka kambi yenye tarehe, akahakikisha mchezaji anaitwa mapema na anafika. Hayo hayahitaji mtu aliyecheza NBA. Yanahitaji ofisi inayoamka asubuhi.

Habari ya Hasheem Thabeet yenyewe tunaikumbuka kwa fahari na kwa uchungu pamoja. Kijana wa Dar es Salaam, mita 2.21 kwa urefu, akasoma Makongo, akamalizia sekondari Houston, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kati ya chipukizi wote walioingia NBA mwaka ule, mbele ya James Harden, mbele ya Stephen Curry. Nchi yoyote nyingine ingeshikilia siku ile kwa mikono miwili. Ingepeleka ringi shuleni, ingefundisha makocha, ingeuza jezi. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana umri wa kucheza timu ya vijana ya taifa, na NBA bado haijaona Mtanzania wa pili. Atiki Ally Atiki, kijana wa Mwanza, alipita Kanada ndipo akafika Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Utah. Tunampongeza kwa dhati. Lakini njia aliyopita ni yake, na mdogo wake wa Igoma au wa Katubuka akitaka kuifuata hajui hata aanzie mlango gani.

Sasa njooni mtazame kwetu. Uwanja rasmi wa kikapu ni mita 28 kwa 15, na ringi hukaa mita 3.05 kutoka chini. Kupata kipande cha ardhi tambarare cha ukubwa huo Katubuka ni kazi, maana bonde letu mnalijua: maji yamepanda hapa yakazingira nyumba, watu wakahama na magodoro vichwani, wengine mpaka leo hawajarudi. Vijana wetu huchezea eneo la shule, juu ya udongo uliogandamizwa, na ringi ya nondo aliyoichomelea fundi yuleyule anayemtaka Hasheem. Ubao ni mbao za kawaida. Mvua zikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka. Mpira nao, ule wa namba saba unaostahili, ukitoboka hapa unashonwa, kwa sababu bei yake inashindana na debe la mahindi.

Hatuombi jengo kama la Kigali. Rwanda walisimamisha ukumbi wa watu 10,000 ndani ya mwaka mmoja, 2019, na tunawavulia kofia, lakini Katubuka haihitaji ukumbi. Inahitaji nusu uwanja wa zege, ringi moja ya chuma iliyonyooka na taa mbili. Kuna kikapu cha watatu kwa watatu, kinachochezewa ringi moja, dakika kumi au pointi 21, kipi kitangulie. Kimekuwa mchezo wa Olimpiki tangu Tokyo. Timu nzima ni watu wanne pamoja na wa akiba. Wanaenea kwenye bajaji mbili. Kwa mkoa wenye ardhi ya shida na nauli ya shida, huo ndio mchezo wa kuanzia, na tunashangaa kwamba hotuba za kujenga upya hazianzii hapo. Kata zote za Manispaa ya Kigoma Ujiji, kuanzia Bangwe hadi Buhanda, zinaweza kuwa na ligi ya aina hiyo bila kumsubiri mfadhili.

Kuhusu mabinti zetu tutasema kwa urefu, kwa sababu hakuna anayewasemea.

Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara, na Katubuka ni ndugu wa Ujiji. Binti zetu wengi wanajisitiri, na wazazi wao hawana ugomvi na michezo wala hawajawahi kuwa nao. Wana ugomvi na kulazimishwa mtoto avue hijabu mbele za watu. Hadi mwaka 2017 sheria za FIBA hazikumruhusu mchezaji kufunika kichwa. Mwaka 2014, kwenye Michezo ya Asia mjini Incheon, timu ya wanawake ya Qatar iliambiwa ivue au isicheze, ikaondoka. Kelele zikapigwa dunia nzima, na Mei 2017 FIBA ikabadilisha sheria hiyo. Tangu tarehe 1 Oktoba mwaka ule binti anaweza kucheza na hijabu yake ya michezo, mechi yoyote, kuanzia mtaani hadi Kombe la Dunia.

Habari hiyo njema ilichukua miaka kufika huku. Binti wa jirani yetu, mwenye miguu myepesi na pasi za kuona mbali, alitolewa uwanjani na mwamuzi wakati sheria ilikuwa imeshabadilishwa zamani. Mama yake, anayeanika dagaa, alikuwa ameacha kazi kwenda kumtazama. Walirudi nyumbani pamoja, na binti hakugusa mpira tena kwa muda mrefu. Mwamuzi yule hatumlaumu sana. Hakuna aliyemwita kwenye kozi, hakuna aliyempelekea kitabu cha sheria kwa Kiswahili, alikuwa anachezesha kwa sheria alizofundishwa ujanani. Lawama ni ya wale ambao kazi yao ni kumfikishia. Kipeperushi kimoja cha Kiswahili kingetosha. Ujumbe mmoja wa simu ungetosha.

Hayo ya waamuzi ndiyo yanayotufanya tuseme shirikisho halijengwi kwenye mkutano wa waandishi wa habari. Linajengwa na mtu mwenye filimbi anayeijua sheria ya mwaka huu, na karani wa mezani anayejua kuandika faulo. Sisi hatuna saa ya sekunde 24. Kijana mmoja hushika simu akahesabu kwa sauti, na mabishano yakianza mechi inageuka baraza la usuluhishi. Kozi moja ya waamuzi kwa mwaka, ifanyike hapa Kigoma na si kila mara Dar, ingetupa watu wa kuchezesha mkoa mzima, Kasulu na Kibondo wakiwemo.

Na fedha? Hapa madereva wetu wa bodaboda ndio wenye uchungu zaidi, na wana haki. Kila wikiendi wanabeti, mkeka unachanika, wanabeti tena. Serikali hukata kodi kwenye michezo hiyo ya kubahatisha, na sehemu yake imepangwa kwenda Mfuko wa Maendeleo ya Michezo ulio chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Maana yake fedha za kijiwe cha Katubuka zimo ndani ya mfuko ule. Tulifurahi Rais alipoahidi fedha kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika. Tulishangilia kila bao. Lakini tunataka kusikia, kwa namba na kwa jina la mkoa, kikapu kimepata nini kwenye mfuko huo, na ringi ngapi zimesimama kutokana nao. Shirikisho likitangaza hesabu hizo ubaoni, hata kama ni ndogo, wafanyabiashara wetu wa samaki na mafuta watakuwa wa kwanza kuchangia. Mtu wa Kigoma hutoa. Anachokataa ni kutoa gizani.

Walimu nao wana lao. UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ina kikapu, na kila mwaka mkoa huokoteza timu wiki chache kabla ya safari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shule ilisimamishwa kabisa, na wale waliokuwa wanafunzi wakati huo ndio wazazi na walimu wa leo. Wengi hawakuwahi kufundishwa kudunda mpira, kwa hiyo hawana cha kumfundisha mtoto. Mwalimu wa michezo wa hapa aliwahi kununua neti kwa mshahara wake. Mwanafunzi wake bora akimaliza kidato cha nne hana klabu ya kwenda, na kipaji kinaenda kubeba magunia bandarini. Shirikisho linaweza kusema shule si zake, ni za wizara. Sawa, lakini mtoto ni yuleyule, na wizara ina mlango wa kugongwa.

Tukiambiwa tuchague jambo moja tu la kubadilisha, sisi wa Katubuka tumekwisha kukubaliana, na halina gharama. Vyama vya mikoa ndivyo vinavyopeleka wajumbe kwenye mkutano mkuu kupiga kura. Basi iandikwe kwenye katiba: chama cha mkoa ambacho hakijachezesha ligi yake mwaka uliotangulia, ya wanaume na ya wanawake, kisipige kura. Kije, kikae, kisikilize, kisipige. Siku sheria hiyo ikipita, mgombea urais atalazimika kuja Kigoma kusaidia ligi ianze ili apate kura, na kiongozi wa mkoa aliyezoea kukumbukwa siku ya uchaguzi tu atalazimika kutafuta timu. Wapo watakaosema tunajifunga wenyewe, kwa sababu Kigoma tutakuwa miongoni mwa watakaokosa kura. Tunajua. Bora tukose mwaka mmoja tukiwa tunajenga kuliko kupigiwa kura miaka yote na watu tusiowaona uwanjani.

Na ruhusa moja tunaiomba, kwa heshima. Tuachiwe tucheze na majirani. Bujumbura wana kikapu kuliko sisi, ingawa wao pia wameumizwa na wakubwa wao: Machi 2024, klabu yao ya Dynamo ilishinda mechi ya kwanza ya Ligi ya Kikapu ya Afrika huko Pretoria, kisha ikatolewa mashindanoni kwa kukataa kuvaa jezi zenye tangazo la utalii wa Rwanda, mgogoro wa nchi mbili ukamalizikia kwenye migongo ya vijana. Wachezaji wale tungependa kuwaona hapa, pamoja na wa Uvira na Kalemie. Boti zipo, watu wa kuwalaza majumbani wapo, samaki wapo. Mashindano ya ziwa, ya siku tatu, yangewafundisha vijana wetu mengi kuliko miaka ya kutazama simu. Kinachohitajika ni barua ya kibali kutoka TBF kwenda kwa mashirikisho ya wenzao, na mtu wa kufuatilia mpaka ijibiwe.

Tumeshaamua kuyafikisha haya yote kwenye mkutano wa kata na kupeleka maombi yetu kwa chama cha mkoa kwa maandishi, na nakala kwa afisa michezo wa manispaa. Tunataka kalenda: tarehe ya ligi ya kata, tarehe ya ligi ya mkoa, tarehe ya kozi ya waamuzi. Itoke kabla ya masika, maana mvua zikishika bondeni kwetu hapachezeki.